Timu ya Wale Wasiokuja

"Leo mkasi, shoga! Uliapa mwenyewe, mtaa mzima ulisikia!"

"Mkasi utakuja. Kwani unanikimbizia nini?"

Eneida alikuwa ameegemea ukuta mfupi unaotenganisha nyua zao, kofia ya timu ya Kaa kichwani, uso unang'aa kama wa mama wa bwana harusi. Upande wa pili, Ludovina, fundi cherehani, alisimama chini ya kamba ya nguo. Redio alikwisha kuizima kwa hasira. Ndiyo iliyoleta habari: Wilkin Paredes, mrushaji wa besiboli wa mkono wa kushoto, mchezaji huru ambaye Wari, timu ya Ludovina, walimnyemelea tangu Juni, ametia saini. Kwa Kaa.

"Viongozi wenu bwana," Eneida akasema. "Kila mwaka wanaposa. Wanapeleka maua, wanapiga picha na mama mkwe. Anayeoa mwingine."

"Si walisema imebaki kalamu tu!"

"Na kalamu ilikuwa kwetu."

Ugonjwa wa Ludovina mji wote wa San Pedro uliujua. Uvumi ukianza tu kwamba Wari wanamtaka fulani, yeye hukata kitambaa cha buluu, rangi ya Wari. Mtu bado anakunywa kahawa na wakala wake, jina tayari liko mgongoni mwa shati. Alimshonea mdakaji wa kutoka Higüey, akamshonea yule mpigaji mwenye mapaja kama magogo, na wengine. Hakuna aliyekuja. Mashati hakuyauza wala kuyavaa. Kila Septemba, kabla ya msimu, huyafua akayaanika. Mwaka huu, alipomaliza la Paredes, akaapa dukani mbele za watu: huyu naye asipokuja, nayakata yote yawe matambara ya kudekia, na Wari sitawajua tena. Wari, aliowapenda kabla hajajua kusoma!

Akaingia ndani, akatoka na mkasi mkubwa.

Ndipo upepo ukaja kutoka upande wa mtoni, mtamu, mzito. Mashati kwenye kamba yakajaa vifua. Mikono ikainuka. La mdakaji likachuchumaa. La kituo cha pili likayumba kando, kama limeona mpira. Na mwisho wa kamba, la Paredes likavuta mkono wa kushoto nyuma, polepole, polepole mno, likimngoja mpigaji ambaye labda hajazaliwa. Kuku wakanyamaza. Jua likatulia juu ya bati. Ludovina akaona watu waliosimama uani kwake hawajaumia goti hata siku moja, hawajazeeka, hawajapoteza mchezo. Walikuwa tisa, idadi ya timu nzima uwanjani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwahesabu.

"Mama yangu," Eneida akanong'ona. "Wametimia."

Kibanio kikachomoka. Shati la Paredes likarusha, likaenda na mrusho wake, likavuka ukuta na kumfunika Eneida kichwa, kofia na yote.

"Sema basi," Ludovina akasema. "Sema hata shati limehamia kwenu."

Eneida akalivua. Akapitisha kidole kwenye mshono, herufi kwa herufi.

"Nilitaka kusema, limenifunga mdomo." Akalinyoosha juu ya ukuta. "Lianike. Huo mkasi nipe mimi."

"Niliapa, Eneida."

"Uliapa dukani. Pale watu huapa kuacha bia. Halafu ukiwaacha Wari, mimi nitamcheka nani? Mume wangu? Yule mchezo ukianza tu anakoroma."

Ludovina akacheka bila kupenda, na machozi yakatoka humo humo. Akaukabidhi mkasi. Shati akalibana kwa vibanio viwili.

"Wanasema Wari sasa wanamtaka mpigaji mmoja wa kutoka Azua," akasema, macho kwenye kamba.

"Ludovina!"

"Wa akiba tu."

"Zunguka mlangoni kama watu wazima. Kuna wali na maharage, kuna mbuzi, na ukoko nimekubakizia ule mwekundu wa chini. Njoo tule, mwanamke, kabla haujapoa."