Siku Kumi na Tatu Kabla ya Tangazo

Katika chumba cha kujalidi vitabu, nyuma ya kiwanda cha serikali cha uchapaji, wenzake walimwita Mama Gundi, na jina hilo alilipenda. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipokea matoleo ya Gazeti la Serikali, lile la kila Ijumaa, linalotangaza sheria mpya, uteuzi wa maofisa, mirathi, viwanja na watu waliobadili majina. Aliyapanga kwa tarehe, akayashona kwa uzi, akayavika jalada jekundu, na mwaka mzima ukawa juzuu mbili. Kuyasoma, hakuyasoma. "Mwashi halali katika kila nyumba anayoijenga," alikuwa akisema.

Mwaka huo ikaamuliwa kwamba juzuu za zamani zilizotafunwa na mende zijalidiwe upya. Asubuhi moja, akikwangua gundi kuukuu, jicho lake lilitua kwenye jina analolijua: la yule bwana mfupi mwenye miwani aliyewafungisha ndoa yeye na mumewe. Tangazo lilisema ameteuliwa kuwa Msajili wa Ndoa wa wilaya, kuanzia tarehe ya tangazo hilo, yaani tarehe kumi na saba.

Mama Gundi akavuta kiti. Wao walifunga ndoa tarehe nne ya mwezi uleule.

Alirudia kuhesabu kwa vidole. Siku kumi na tatu. Na pale kiwandani hata mfagiaji alijua kwamba jambo la serikali lisipotangazwa Gazetini ni sawa na mimba changa: ipo, lakini hakuna wa kuipa jina.

Akaenda chumba cha pili kwa mtunza kumbukumbu, mtu wa maneno machache na ya polepole.

"Kaka, ofisa akifanya kazi kabla hajatangazwa, kazi hiyo inakuwaje?"

"Inaelea, dada."

"Inaelea vipi?"

"Haijazama, haijatua. Mara nyingi hutolewa tangazo jingine baadaye la kuiweka sawa. Ngoja juzuu ya pili ya mwaka huo ishuke kutoka ghalani, utazame."

Jioni alimkuta mumewe, fundi saa, ameinamia meza yake, lenzi jichoni, kijisaa cha mtu kimefumuliwa mbele yake.

"Za kazi, mke wangu?"

"Usiniite mke wako. Mkeo yuko wapi? Lete tangazo."

Alipomweleza, mzee alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Kisha akajikuna kidevu. "Kwa hiyo miaka thelathini na moja nimekaa na mtoto wa watu bila ruhusa?"

"Na mtoto wa watu amekufulia mashati."

"Basi wewe ni mgeni humu ndani."

"Tena mgeni wa heshima," alijibu mama, akaenda zake kuoga.

Alikuwa akitania tu, ila mwenzake aliichukua kwa uzito. Kesho yake Mama Gundi aliamshwa na harufu ya tangawizi. Fundi saa, ambaye hakuwahi kujua majani ya chai yanakaa kabati gani, amesimama mlangoni na kikombe juu ya sahani. Siku ya pili alinyoa ndevu, na haikuwa Ijumaa wala sikukuu. Siku ya tatu akamsindikiza hadi lango la kiwanda, amembebea mkoba, huku wasichana wa mashine wakichungulia dirishani na kupigana viwiko.

Habari ikamfikia dada wa mume. Akaja mbio. "Wifi yangu, au nisikuite wifi tena? Usimkubalie upesi! Mkazie kamba kidogo, aonje."

Alhamisi ya wiki iliyofuata juzuu ya pili ikashuka. Haikumchukua muda. Tangazo lilikuwa fupi, mistari minne: ndoa zote zilizofungwa na Msajili huyo kabla ya uteuzi wake kutangazwa zihesabiwe kuwa zilifungwa kihalali. Mama Gundi akashusha pumzi ndefu. Halafu, ajabu, akajisikia kama mtu aliyekatiziwa likizo. Akaushona ukurasa, akaupaka gundi, akaubana kwenye mtambo. Nyumbani hakusema neno.

Chai ya Ijumaa ikaja. Ya Jumamosi ikaja na mkate uliopakwa siagi. Kila akimeza, dhamiri inamtekenya.

Jumapili mchana fundi saa alitokea sebuleni amevaa shati lililonyooshwa mpaka likaweza kusimama lenyewe, dada yake nyuma kama shahidi. Akakohoa.

"Safari ile maneno ya posa aliyaleta baba mdogo," alisema. "Mimi nilikaa kimya kama gunia. Leo nasema mwenyewe. Miaka yote hii, nikifunga meza yangu jioni, sijawahi kutafuta pa kwenda ila hapa. Nakuomba nikuoe."

Mama Gundi akajifuta macho kwa pindo la kanga. Uongo haukumkaa tena kifuani.

"Baba watoto, tulishaoana. Serikali ilisahihisha mwaka uleule. Nimeliona tangazo."

"Umeliona lini?"

"Alhamisi."

"Na chai ya Ijumaa ukainywa?"

"Na ya Jumamosi. Na mkate nikala."

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Fundi saa alijaribu kununa. Uso ukakunjwa, ukakunjuka, ukamshinda. Akaketi kwenye kochi kando ya mkewe.

"Sawa. Lakini nimeuliza swali mbele ya shahidi, na sijajibiwa."

"Nimekubali, bwana," alisema, akamshika mkono. "Nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe, maana safari ile hata mimi nilisemewa."

Watoto wao wakubwa walipofika kula chakula cha Jumapili, ikabidi kisa kianze upya. Baba ndiye aliyesimulia, na kila alipofika kwenye ile chai ya Ijumaa alipandisha sauti, na Mama Gundi, huku akipakua wali, akamsahihisha tarehe.