Msumeno Uliopiga Mluzi

Mtaani walimwita Mzee Chumvi, na jina hilo hakulipata jikoni. Alilipata kwa sababu hakuna habari iliyowahi kupita mdomoni mwake ikatoka kama ilivyoingia. Siku alipostaafu kazi ya kusoma mita za maji, aliwaaga wenzake kwa kuwasimulia habari ya mita moja iliyozunguka kwa kasi mpaka ikamnyoa ndevu. Wenzake walikuwa wamemzoea. Walimpigia makofi, wakamwacha aende zake.

Aliporudi nyumbani alijifungia kwenye stoo ya nyuma, akaanza kufufua misumeno ya injini. Si hii ya siku hizi, myepesi, nusu yake plastiki. Yeye alitaka ile ya zamani, chuma kitupu, mizito kama mtoto aliyenuna, ambayo wakata miti waliibeba begani na jioni wakashindwa kunyoosha shingo. Hakuna aliyemfundisha. Wa kwanza aliufungua kwa udadisi tu, akaufunga, zikabaki skrubu kadhaa mkononi, na bado ukawaka. Mpaka leo anaapa kwamba zile skrubu kiwanda kilizitia kwa ajili ya urembo.

Sheria yake ilikuwa moja. Msumeno ukiingia stoo, lazima utoke kama ulivyotoka kiwandani. Hakutaka kuona waya wa kuungia, wala kiraka, wala boliti ya baiskeli mahali pasipo pake. "Mimi sitengenezi," alikuwa akisema. "Mimi narudisha." Ndiyo maana stoo ilijaa ndoo za vipuri alivyovikusanya kwenye misumeno iliyokufa kabisa: kabureta, pistoni, vifuniko, kamba za kuwashia, vyote vimeoshwa kwa mafuta ya taa na kupangwa kama vyombo vya bibi harusi.

Jirani yake alikuwa fundi cherehani, na ukuta uliowatenga haukuwa mnene.

"Mzee Chumvi," fundi cherehani aliita siku moja kupitia dirishani, "ulipowasha hilo dude lako nimeruka, nikashona mguu wa suruali kwenye mfuko wa koti la mtu."

"Shukuru umepona. Ule niliokuwa nao mwaka juzi, mti ulikuwa ukiusikia tu unalala chini wenyewe. Koti lako lingejivua."

"Na mwenye koti nimwambie nini?"

"Mwambie ni mtindo mpya. Mguu mmoja, mkono mfukoni."

Walikuwa bado wanacheka shemeji yake Mzee Chumvi alipoingia uani na gunia kichwani. Alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa. Huyo kaka alikuwa mkata miti tangu ujana wake. Watu walidhani ipo siku atalaliwa na mti, lakini kumbe moyo ndio uliosimama, akiwa kitandani, amejifunika shuka. Shemeji alitua gunia taratibu, akakaa kwenye kigogo cha kukalia, kisha akainuka tena akahamia upande wa pili.

"Kaa kulia kwangu, shemeji," alisema. "Sikio la kushoto limeshafunga duka."

"Na la kulia?"

"Daktari anasema nalo linafagia, linajiandaa kufunga. Hakusema lini. Amesema tu nisije nikashangaa."

"Afadhali. Utakuwa mtu wa kwanza kukaa na mimi asisikie uongo hata mmoja."

Shemeji alicheka, akajifuta macho kwa kiganja, na ikawa vigumu kujua alikuwa akifuta kicheko au kitu kingine. Ndipo akafungua gunia. Ulikuwa msumeno wa marehemu, mweusi kwa masizi, umeganda mafuta na vumbi la mbao.

"Nataka kuusikia," alisema. "Mara moja tu, kabla hili nalo halijafunga."

Akamweleza, ingawa Mzee Chumvi alijua nusu yake. Nyumba yao ilikuwa chini ya mlima wa miti ya mbao, na mumewe alikuwa akifanya kazi huko juu, haonekani. Kilichoshuka ni sauti ya msumeno. Maadamu alikuwa akiusikia, alijua mume anapumua. Alasiri sauti ikikatika, alibandika maji ya chai jikoni, na maji yakianza kuchemka ndipo mtu anatokea mlangoni, nywele zimejaa unga wa mbao.

"Lakini pale katikati, shemeji, kati ya ule kunyamaza na yeye kutokea, pale nilikuwa sina amani. Kunyamaza ni kunyamaza. Aliyemaliza kazi na aliyeangukiwa na mti wananyamaza sawa. Miaka yote nilikuwa nachemsha maji na hofu kwenye birika moja."

Mzee Chumvi akauvuta msumeno karibu na miguu yake. "Niachie," alisema.

Kusema kweli, alikuwa na deni lake la machozi. Msibani hakulia. Alikaa na wanaume nje akawavunja mbavu kwa kisa cha mti mkubwa aliouangusha kaka yake, mti ambao ulianza kuanguka Jumatatu na ukagusa chini Jumatano, na katikati ya hapo watu wakala chakula cha mchana mara mbili kivulini pake. Watu walicheka, wakasema marehemu ameagwa vizuri. Yeye alirudi nyumbani macho makavu, na ukavu ule ukamkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Sasa alikuwa na pa kuutolea. Aliufungua msumeno ule kwa adabu, kama anamvua kaka yake viatu. Pistoni ilikuwa imekwama. Aliimwagia mafuta, akaisubiri siku baada ya siku, akiigongagonga kwa mpini wa nyundo mpaka ikasogea. Kabureta aliisafisha kwa unyoya wa kuku. Meno ya mnyororo aliyatia tupa moja moja.

Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyokutana na kazi za mikono ya kaka yake, na zilimchekesha. Mpini ulikuwa umezungushiwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umefungwa fundo la ajabu. Bomba la moshi lilikuwa na ufa, na juu ya ufa kaka amebana kipande cha bati kwa waya, kimepinda upande mmoja, kimeungua mpaka rangi ya bluu.

"Kaka yangu," alimwambia fundi cherehani aliyekuja kuchungulia, "kukata alijua. Kutengeneza, Mungu amrehemu, alikuwa kama wewe na makoti."

Akakata ule mpira kwa kisu. Akang'oa bati na bomba lake, akavitupa kwenye lundo la vyuma chakavu karibu na lango. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa msumeno wa mtu yeyote. Kwenye ndoo ya mwisho, amelizungushia kitambaa, alikuwa na bomba la moshi la aina ileile, jipya, halijawahi kuguswa na moto. Alikuwa amelitunza kwa miaka mingi, wenzake wa misumeno wakimbembeleza naye akiwaambia limeibwa. Alilitoa kwenye kitambaa, akalifunga kwenye msumeno wa kaka yake. Akapaka mpini rangi nyekundu, ile yenyewe ya kiwandani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake, lundo la langoni likaondoka lote.

Siku ya kuujaribu, fundi cherehani alitoka na sindano mdomoni. Akaitoa, akasikiliza.

"Huu haupigi kelele," alisema. "Unaimba."

Mzee Chumvi aliinama akijifanya anakaza skrubu, kwa sababu ukavu ule wa kifuani ulikuwa umeanza kulainika na hakutaka mshona nguo amwone.

Aliubeba begani mpaka kwa shemeji. Alasiri ilikuwa tulivu, jua limelala juu ya mlima. Shemeji alikuwa amejifunga kitambaa safi kichwani kama anayepokea mgeni, amekaa kwenye kiti mlangoni, sikio la kulia limeelekea uani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuupapasa msumeno. Mkono wake ulikwenda mpaka mpinini, ukasimama.

"Mpira uko wapi?"

"Upi, shemeji?"

"Wa hapa. Nilimfungia mimi. Viganja vilikuwa vinamchubuka."

"Ah. Ule ulikuwa umechakaa," alisema Mzee Chumvi. "Subiri uusikie."

Akauweka chini, akaukanyaga, akavuta kamba. Ukawaka kwa mvuto wa pili, ukanguruma laini, ukapanda, ukashuka. Kazi safi. Alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja, kama mtu aliyepiga hodi akasikia hatua za mtu asiyemfahamu zikija mlangoni. Alingoja hivyo muda mrefu. Mwisho akapunga mkono, naye akauzima.

"Utauwasha saa ngapi wenyewe?" aliuliza shemeji.

"Ndio huo, shemeji."

"Na mluzi?"

"Mluzi gani?"

"Alikuwa akiubana kwenye mti unapiga mluzi. Juu ya ngurumo, kama mtu anaita mbwa. Wakata miti walikuwa wengi kule juu, shemeji. Ningemjuaje wangu? Lile bomba lilipopasuka alikuja akakata kopo langu la majani ya chai, akabandika bati lake pale. Nilimnunia wiki nzima kwa ajili ya kopo. Halafu nikausikia ule mluzi unashuka mlimani, nikaacha kununa."

Mzee Chumvi aliliona lile bati, bluu, limepinda, likidondoka kutoka mkononi mwake juu ya lundo.

Uongo ulikuja wenyewe, kama ulivyozoea kuja, umevaa na kuchana nywele. *Mluzi upo, shemeji. Ni sikio lako. Mimi nausikia vizuri kabisa.* Angeamini. Nani angemwambia vingine? Daktari mwenyewe alishatangulia kumwandalia njia. Ungekuwa uongo mdogo kuliko yote aliyowahi kusema, na angalau huu ungekuwa na kazi.

Alimwona shemeji anaanza kugusa sikio lake la kulia kwa kidole, polepole, kwa wasiwasi, kama anayekagua kufuli.

"Si sikio lako," alisema. "Ni mimi. Nimelitoa lile bati nikalitupa, limeshachukuliwa na mkokoteni. Nimetia bomba jipya. Na mpira nimeukata mimi."

Yalikuwa maneno makavu, hayana hata punje ya chumvi, na yeye mwenyewe aliyasikia kama yanatoka kwa mtu mwingine. Ndipo akaelewa alichokifanya kule stoo. Alikuwa ameurudisha msumeno mpaka siku moja kabla kaka yake hajaushika.

Shemeji hakumlaumu. Aliingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Akayamimina majani kwenye bakuli, akampa kopo.

Mzee Chumvi akachukua msumari na nyundo. Lile bomba alilolificha miaka yote kwenye kitambaa alilitoboa, akalipasua ufa kwa patasi. Akakata bati, akalibana kwa waya. Akawasha. Likazomea kama tairi lenye pancha. Akalipinda upande, akawasha. Likazomea kwa sauti nyembamba zaidi. Akalipinda tena, akaungua kidole, akawasha tena. Mara moja, kwa kitambo kifupi, kitu kama mluzi kilipita, na shemeji akainua uso. Halafu kikapotea. Alitafuta pembe ile kwa koleo mpaka bati likakatika.

"Basi," alisema shemeji. "Zima, mdogo wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Akazima.

Kimya kikashuka kutoka mlimani kikajaa uani. Shemeji alifumba macho. Uso wake, uliokuwa umekazana kusikiliza tangu alasiri, ukalegea kidogo kidogo.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho chenyewe. Hiki hujakigusa."

Aliinuka, akaingia jikoni. Mzee Chumvi akamsikia akichota maji, akiwasha jiko, akibandika birika. Kisha akarudi, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akatazama njia inayoshuka kutoka kwenye miti. Alisimama tu kama alivyosimama maisha yake yote, kati ya ule kunyamaza na mtu kutokea.

Msumeno ulipoa miguuni pa Mzee Chumvi, chuma kikitoa milio midogo midogo. Ukavu wa kifuani ukatoka wote kwa pamoja, bila kuaga, na akalia, akimshukuru Mungu kwamba shemeji amemgeuzia lile sikio la kushoto, lililokwisha kufunga.

Ndani, maji yakachemka. Kifuniko cha birika kilianza kugonga, kwanza polepole, kisha kwa fujo, na maji yakamwagika yakichachatika kwenye moto. Shemeji hakugeuka. Alikuwa bado anatazama njia.

Mzee Chumvi alijifuta uso kwa mkono wenye masizi. Akainuka, akampita pale mlangoni taratibu asimshtue, akaenda kuliepua birika yeye mwenyewe.