Shamba la Walioanguka Konani

Mpaka leo nikila wali wa Kyela huwa najiuliza kama mpunga wake ulipandwa na mkulima au na mtumishi wa mradi.

Mimi ni Restituta, nesi wa chanjo, mzaliwa wa Rombo. Mwaka wa tisini na tatu, enzi zile za soko huria ambapo kila kitu kiliruhusiwa na kila wilaya ilikuwa na wafadhili wake, nililetwa Kyela na mradi mmoja nikapewa pikipiki nyekundu. Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika mradi ule kupewa pikipiki, na nasema bila haya kwamba niliipenda kuliko nilivyompenda mchumba wangu wa wakati ule. Siku ya kukabidhiwa, nusu ya wafanyakazi walitoka nje kuangalia nitaanguka wapi.

Nilianguka Ikolo.

Barabara ya kule imenyooka vizuri juu ya tuta, majaruba ya mpunga huku na huku, halafu ghafla, bila sababu yoyote ya maana, inakata kushoto. Chini ya kona hiyo kuna jaruba la mama mmoja aitwaye Angetile. Sasa, mwalimu wetu wa pikipiki alikuwa Yakobo, dereva wa mradi, na alitufundishia kwenye uwanja wa mpira, kutoka goli hili mpaka goli lile. Alikuwa na sheria mbili tu. Breki ya mbele inaua, usiiguse. Na ukiogopa kitu, kanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zako zote. Nilifika konani na mwendo wangu, nikainamia kushoto, nikaogopa, nikakanyaga. Tairi la nyuma likaelekea Malawi, mimi nikaelekea kwenye tope.

Nilipoinua kichwa, Angetile alikuwa amesimama mbele yangu ameshika kiatu changu, akanisalimia kwa lugha ya kwao.

"Ugonile, nesi. Umeumia?"

"Sijaumia. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miche ile pale. Panda hapo ulipolala, na mistari inyooke. Ukimaliza utapewa kiatu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Pale jaruba lilikuwa bado nusu wazi, na ile nusu iliyopandwa ilikuwa na mistari mizuri ajabu. Baadaye nikapata habari yake. Clemence, bwana shamba wetu, alikuwa amewahubiria wanawake wa Ikolo miaka miwili waache kumwaga mbegu ovyo, wapandikize kwa mistari. Angetile alisimama mkutanoni akamuuliza, "Na hiyo kazi yote atafanya nani?" Wiki ile ile jibu lilimdondokea Angetile kutoka barabarani, na lilikuwa Clemence mwenyewe. Tangu hapo kila aliyeanguka alinyang'anywa kiatu kimoja, akapanda. Bwana afya alipanda. Karani wa ushirika alipanda. Yakobo, mwalimu wetu, alipanda mistari minne, akaapa alikuwa amesimama kusaidia.

Mimi nilianguka mara tatu kwa mwezi mmoja. Mkono wangu wa kupandikiza ukawa mwepesi kuliko wa kuchoma sindano.

Kilichonichoma ni daftari. Mratibu wetu, Bwana Sospeter, alikuwa na daftari la pikipiki. Clemence alikuwa ameanguka mara tano, na mara zote tano liliandikwa neno moja: ajali. Zangu tatu ziliandikwa: hajui kuendesha. Nilipouliza, Sospeter alisema kwa upole wa kukera, "Dada Resti, kuteleza si kuanguka. Clemence huteleza." Kisha akaniambia kwamba Ijumaa atapanda nyuma yangu yeye mwenyewe mpaka Ikolo. Nikianguka mara ya nne, ufunguo unakwenda kwa Clemence, maana pikipiki yake imeshapinda usukani, na mimi nitawafuata watoto wa chanjo kwa miguu. Nilitoka ofisini pale kwa hasira. Nililia pia, sitaki kusema uongo.

Alhamisi nikaenda konani kwa miguu. Angetile alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya jaruba, akilitazama. Lilikuwa limejaa. Hapakuwa na hata sehemu ya kuweka mche mmoja.

"Afadhali umekuja," akasema. "Shamba limeisha. Sasa msianguke tena, mtaniharibia."

"Mama, kwani sisi tunapenda?"

"Si mnapenda, ila hamtazami. Kaa hapa."

Nikakaa. Baada ya muda akatokea Haruni, mfanyabiashara wa mjini, anatoka ziwani na vyungu vya Ikombe kumi na viwili vimefungwa nyuma ya pikipiki yake kuukuu. Haruni hakuwahi kuanguka pale. Tulipomuuliza siri yake alijibu siku zote, "Ni Mola tu, dada."

"Sikiliza," Angetile akasema. "Injini yake inashuka sauti pale, kwenye mgomba, barabara ikiwa bado imenyooka. Anashika breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, polepole, kwa kuwa ana vyungu. Akifika konani ameshaziachia. Anapita anaongeza mafuta kidogo tu. Nyie injini inaimba mpaka hapa, mkishainama ndipo mnakanyaga. Tena mnautazama mpunga wangu! Anayetazama mpunga anaingia kwenye mpunga. Haruni anatazama kule anakokwenda."

Vyungu kumi na viwili vikapita bila hata kugongana.

"Mama Angetile, hayo umeyajua tangu lini?"

"Tangu mtu wa pili."

"Na ukanyamaza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ningesema, nani angepanda?"

Nilitaka kumrushia kigoda. Badala yake nikasema ndaga, asante ya kwao, maana alichosema ni kweli, na ningekuwa mimi ningenyamaza vilevile.

Ijumaa Sospeter alikuja amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, daftari kifuani. Nikamwambia anishike kiunoni na nikiinama ainame nami. Akasema mtu wa cheo chake hashiki viuno vya wafanyakazi. Akalikumbatia daftari.

Kwenye mgomba nikaachia mafuta, nikashika breki zote mbili taratibu, na ile ya mbele haikuniua. Mwendo ukashuka. Nikaziachia, nikatazama mwisho wa kona, nikainama.

"Breki!" Sospeter akapiga kelele sikioni mwangu. "Shika breki! Breki, dada!"

Mguu wangu wa kulia ulitaka kutii. Mwezi mzima ulikuwa umezoea kutii. Niliuzuia, nikaongeza mafuta kidogo, na pikipiki ikazunguka kona ile vizuri mno, nyepesi kabisa. Wepesi ule ndio ulionishtua. Niliposimama mbele na kugeuka, nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Mratibu alikuwa ameruka. Alikuwa amekaa katikati ya mistari ya Clemence, tope mpaka kwapani, daftari juu ya kichwa.

"Umeniangusha!" akasema.

"Pikipiki haijaanguka," Angetile akasema. Alikuwa ameshashika kiatu. "Nesi hajaanguka. Wewe ndiye uliyeruka ukalalia mpunga wangu. Panda."

Akabishana. Akataja cheo. Akataja wafadhili. Angetile akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha miche. Saa sita mchana mratibu wa mradi alikuwa ameinama, suruali imekunjwa magotini, na wanawake wa Ikolo waliokuja na watoto wa chanjo wamejipanga juu ya tuta wakimkosoa mistari.

Alipomaliza alinyoosha mkono apewe kiatu. Angetile akanitazama mimi.

"Kwanza daftari," nikasema. "Andika ya leo."

Akafuta vidole, akafungua ukurasa, akaandika chini ya mistari yangu mitatu: Mratibu, Ikolo, ajali.

"Na hiyo mitatu ya juu?"

Akainua macho. Yalikuwa yamechoka, na tope lilikuwa limeanza kukauka kwenye nyusi. Juu ya tuta mtoto mmoja alikuwa analia akisubiri sindano yangu. Sospeter akakitazama kiatu chake mkononi mwa Angetile, akaitazama barabara ya changarawe mpaka mjini. Akakata kwa kalamu "hajui kuendesha" ya kwanza, akakata ya pili, akakata ya tatu, na pembeni ya kila moja akaandika: ajali.

Angetile, ambaye hakujua kusoma, akaniuliza, "Ameandika?"

"Ameandika, mama."

Akamrudishia kiatu.