Siku Nywele za Ajuza Zilipopanda

Chai haikuwa hata imeiva, na Ultan Gilroy alikuwa tayari amekaa mezani na kofia yake kichwani. Dervla, mke wa marehemu mwanawe, alimtupia jicho mara moja tu akajua kwamba kazi za nyumbani za siku hiyo zimeshakufa. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza bomba la moshi. Upepo ulikuwa umegeuka alfajiri, ukawa unatoka kusini, na bomba lilivuma kwa sauti nzito kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu.

"Leo zitapanda," mzee akasema.

Hakuhitaji kueleza. Juu ya bonde la Glenavreen kuna maporomoko ya maji ambayo watu wa upande ule wa jimbo la Leitrim huyaita Nywele za Ajuza. Siku za kawaida nywele hizo huanguka kutoka ukingo wa mlima hadi bwawani, nyeupe na ndefu, kama za bibi yeyote aliyezifungua ili alale. Lakini upepo wa kusini ukipata nguvu huingia bondeni, hupiga mwamba, na maji hayafiki chini. Hurudi juu. Wapo waliozaliwa na kuzikwa katika parokia ile bila kuyaona, maana upepo hauweki miadi na mtu.

Dervla alifunga mkate wa kahawia wenye siagi na vipande vya nyama ya nguruwe, akajaza chupa ya chai, akamvalisha mzee mabuti ya mpira huku mzee akinung'unika kwamba anashughulikiwa kama farasi anayepigiliwa chuma kwatoni. Dervla hakuipinga safari. Tangu Pasaka alikuwa na neno lililomkaa kooni, na ndani ya nyumba ile, mbele ya picha ya Cathal, mumewe, iliyotundikwa juu ya jiko, neno hilo lilikataa kutoka.

Cathal alikuwa amefariki miaka michache nyuma, moyo ukimsimama akiwa anakata nyasi za mifugo. Watoto hawakuwa wamejaliwa. Ng'ombe waliuzwa, mashamba yakakodishwa kwa jirani, na Dervla akabaki na baba mkwe wake kwa sababu siku ya mazishi hakuna aliyeuliza kama ataondoka, na siku zilizofuata ikawa aibu kuuliza. Kila Jumapili baada ya Misa wanawake walimshika mkono wakamwambia yeye ni malaika. Mwanzoni maneno hayo yalimtia nguvu. Baadaye yakawa kama sweta iliyofuliwa vibaya: kila alipoivaa, ilimbana zaidi.

Waliacha gari kando ya kanisa dogo wakashika njia ya msituni. Ilikuwa Mei, na chini ya mialoni maua ya buluu yalikuwa yametanda hadi jicho likose mwisho wake, kama vile mtu amemwaga anga akasahau kuizoa. Vitunguu saumu vya porini vilinukia kila mabuti yalipovikanyaga. Mawe yote yalivikwa kuvumwani laini, na kijani kile kilipanda mashina ya miti, kikazunguka matawi, hata mtu akashindwa kusema jiwe linaishia wapi na mti unaanzia wapi. Upepo ulikuwa juu, vileleni. Huku chini palikuwa kimya, na mwanga ulishuka polepole, wa kijani, kama ndani ya maji.

Mzee alitembea na fimbo yake bila haraka. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akaweka kiganja juu ya mti, akaendelea. Walipoufikia mti wa miiba uliosimama peke yake kwenye uwazi, aligusa ukingo wa kofia, akawasalimu wale viumbe wasiotajwa ambao wazee husema wanakaa chini yake. Dervla naye akainamisha kichwa. Hakuwa akiwaamini, lakini hakuwa na sababu ya kugombana nao.

Hapo ndipo alipotaka kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni swali kama mzee anataka kupumzika. Mzee akasema yeye hataki, ila magoti yake yameomba.

Wakakaa juu ya gogo lililofunikwa na kangaga, wakala. Mzee alisimulia kidogo kuhusu mkewe, Sadhbh, ambaye alikuwa akipita msitu huu pekupeku kwa sababu alisema viatu vinamfanya asisikie. Kisha kidevu chake kikashuka kifuani akalala. Dervla alijinyoosha kwenye kuvumwani, akatazama matawi yakipishana juu yake. Usingizi ulimchukua bila kumpa taarifa. Akaota anapanda ngazi za maji, kila ngazi ikishika unyayo wake kwa upole kisha ikiyeyuka nyuma yake, na juu kabisa kuna mtu anachota maziwa, amempa mgongo. Hakujua kama ni Cathal au ni yule mwingine, anayengoja jibu lake tangu Pasaka. Hakuogopa. Alitaka tu mtu huyo ageuke.

Alipofumbua macho, gogo lilikuwa tupu.

Aliita mara moja, akaita tena. Msitu ulinyonya sauti yake. Fimbo haikuwepo, lakini alama za mabuti zilikuwepo kwenye tope, zikipanda kuelekea bondeni, na Dervla alizifuata mbio, matawi yakimchapa usoni. Njiani aliwaza bwawa, jinsi lilivyo na kina, na jinsi mawe ya ukingoni yanavyoteleza. Kulikuwa na jambo jingine aliloliona ndani yake, nalo lilimtia hofu kuliko bwawa: kwamba mzee akizama, yeye atakuwa huru, na hatausamehe uhuru huo maisha yake yote.

Miti iliisha ghafla, na upepo ukampiga kifuani.

Nywele za Ajuza zilikuwa zimepanda. Maji yalifika ukingo wa mwamba, yakainama yaanguke, kisha yakabadili nia. Yalijikunja, yakasimama, yakapeperuka kuelekea mawinguni kama moshi mweupe, na jua lilipochungulia, moshi huo ukashika rangi zote. Matone yalirudi chini kutoka mbali, mepesi, yakidondoka juu ya mlima, juu ya kondoo, juu ya kila kitu. Na katikati ya mvua hiyo alisimama Ultan, kofia mkononi, maji ya bwawa yakimfika juu kidogo ya vifundo, uso ameuelekeza juu kama mtoto anayengoja kupakwa sabuni.

Dervla aliingia majini akamshika mkono kwa nguvu.

"Baba, umenitoa roho!"

"Ulikuwa unakoroma. Nikaona nisikukatize."

Dervla alicheka, akalia, vyote pamoja, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umelowa tayari, haikujulikana. Ngurumo ya upepo na maji ilijaza bonde. Pengine ndiyo iliyompa ujasiri, kwamba maneno yakitoka hapa huenda yakapeperushwa kabla hayajamfikia mtu.

"Baba, kuna mtu anataka kunioa."

"Eh?"

"Kuna mtu anataka kunioa!"

"Nani?"

"Fintan Mulvey!" akapaza sauti hadi kondoo wakainua vichwa.

Mzee alijipangusa macho kwa kofia iliyolowa. "Yule wa lori la maziwa."

"Ndiye."

"Mwanangu, lori la maziwa linasimama getini kwetu kila wiki. Sisi hatuna hata mbuzi. Ulidhani mimi nadhani anakuja kukamua nini?"

Mzee alimpapasa Dervla mkono, hakuna aliyekuwa mkavu, wote wawili wanatiririka. Ndipo akamwambia kwamba Cathal alipokuwa mdogo walimleta hapa siku kama hii, na mtoto akauliza maji yanayokataa kuanguka huenda wapi. Yeye, kwa kuwa baba ni afadhali akose aibu kuliko kukosa jibu, akasema huenda kwenye bonde linalofuata. Leo alitaka kuja kuangalia kama alidanganya.

"Na ulidanganya?" Dervla akauliza.

"Sijui. Fintan ndiye anayekaa bonde linalofuata. Utaniambia wewe."

Dervla alimwambia kwamba nyumba ya Fintan ina chumba cha chini chenye jiko lake, ambacho mzee angeweza kuhamia, na kwamba Fintan mwenyewe ndiye aliyekitaja kabla yeye hajasema neno. Mzee alikataa hapo hapo. Alisema amezoea kuamka na mlima wake dirishani, na akiwa mgeni kwa mtu atalazimika kuwa na adabu, jambo ambalo umri wake haulimudu. Dervla alimsihi. Akakataa tena, safari hii taratibu, na machoni mwake Dervla aliona kwamba anaumia na kwamba hatabadilika. Wakasimama hivyo, wameshikana, mpaka baridi ilipowafukuza.

Jambo hilo halikuisha bila machozi. Majira yale ya joto kuna siku mzee hakula alichopikiwa, na kuna siku Dervla alimwambia Fintan basi, tuache. Fintan hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwenda kwa mzee akakaa naye jikoni jioni nzima, na walichozungumza hakuna aliyewahi kukisema, ila kesho yake mzee aliomba suti yake itolewe kabatini ipigwe pasi.

Walifunga ndoa Septemba. Baba yake Dervla alikuwa amekwisha kufa zamani, kwa hiyo aliyemshika mkono mlangoni mwa kanisa akamtembeza mpaka altareni alikuwa Ultan Gilroy, na parokia nzima ikageuza shingo. Alimkabidhi kwa Fintan bila kutabasamu. Kisha akaenda kwenye benchi la mbele, upande wa bibi harusi ambako hakukuwa na ndugu mwingine yeyote, akaketi katikati kabisa, akatanua mabega, akalijaza benchi lote.