Shimo la Jeuri ya Iyula

Gwi. Gwi. Gwi. Sauti ya sururu ikipiga mwamba ilitufikia kabla hatujakata kona ya nyumbani, ikapenya hata ngurumo ya lori. Tabita akapunguza mwendo.

"Nani anachimba na jua hili?"

"Labda Mzee ameamua kujenga," nilisema mimi, utingo wake.

Mama Roda, Mnyamwanga mwenye mahindi tuliyoyapakia kwao Msangano, alikaa kati yetu akiwa amemkumbatia jogoo. "Mnyiha hajengi," alisema, kwa ule utani wa Wanyamwanga na Wanyiha kama Mzee. "Mnyiha anasubiri nyumba iote yenyewe kama kahawa."

Tukakata kona, tukaliona shimo. Lilikuwa uani kwa Mzee Anania, refu, pana, na upande mmoja limechongwa mteremko wa kuingizia gari. Vibarua walikuwa wamezama mpaka mabegani. Mzee mwenyewe alisimama ukingoni na koti lake la Pasaka, akiwaelekeza kwa fimbo.

"Teremsheni mahindi," alituambia. "Jioni lori linaingia."

"Linaingia wapi, Baba?" Tabita aliuliza.

"Kaburini."

Tabita hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

Ni kweli niliisimulia hadithi ile, tena niliisimulia vizuri. Nilikuwa nimeisoma katika kitabu cha historia kisicho na jalada, nilichokipata Nakonde ng'ambo ya mpaka. Wiki iliyopita, Mzee aliporudi kutoka hospitali ya Vwawa na habari kwamba ana presha, nilitaka kumchangamsha. Nikamwambia kwamba zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hao Waingereza waliokuja kututawala walikuwa watu wa vijumba vya matope na wafalme wengi wadogo wadogo, wanaibiana ng'ombe. Ukubwa wa mfalme ulikuwa ukumbi wake tu: nani anakula kwake, nani analewa kwake, mshairi gani anamwimba. Na mmoja wao alipokufa, watu wake waliivuta mashua kutoka mtoni mpaka kilimani, wakamlaza ndani na upanga wake, ngao yake na masufuria yake, wakafukia. Kilima kile kipo mpaka leo.

Mzee alikuwa ameguna tu. Kumbe alikuwa anapima uwanja.

"Mfalme yule alikuwa na mashua," alisema sasa, akiupapasa mlango wa lori lililoandikwa JEURI YA IYULA juu ya kioo, Iyula ikiwa kijiji alikozaliwa. "Mimi Tunduma hii nitapata wapi mashua? Nina hili."

"Baba, hili uliniahidi mimi! Mbele ya kaka zangu!"

"Nilikuahidi kabla sijajua historia."

Tabita alijifunza kuendesha lori lile miguu yake ikiwa haijafika vizuri kwenye klachi. Watoto wake walisoma kwa lori lile. Mimi mwenyewe nilikula kwa lori lile. "Jamani, nimefunga tairi mpya juzi tu," Tabita alisema.

"Ndiyo maana naharakisha. Ulitaka niende huko na vipara?"

"Basi subiri ufe kwanza!"

"Nikifa mtaliuza kabla matanga hayajaanuliwa. Liingie sasa, linisubiri."

Majirani walikuwa wameshajaa uani. Mchungaji alikuja mbio, akamkumbusha Ayubu aliyesema alitoka tumboni uchi na uchi atarudi.

"Ayubu alikuwa na ngamia," alisema Mzee. "Ngamia hana funguo." Wakati Tabita anabishana, alikuwa amezichomoa funguo za lori; sasa akazitikisa, akazitia mfukoni.

Tabita akaninong'oneza, "Lusungu, wewe ndiye uliyemlewesha. Mtoe pombe."

Nikapanda juu ya gunia. Wafalme wale walisifiwa kwa kuwagawia watu pete za dhahabu, si kwa kuzika, na hilo ndilo nililotaka Mzee alisikie. Nikaghani:

*Hakuitwa mwenye mali, aliyejaza ghalani,*
*Aliitwa jina hili: mpa pete barazani,*
*Alipokufa jabali, wakalia vijijini,*
*Mashua ikenda chini, jina likabaki juu.*

Mzee alifumba macho.

"Rudia mwisho."

"Mashua ikenda chini, jina likabaki juu."

"Mmesikia? Ikenda chini! Vijana, ongezeni kina!"

Tabita alinivuta kutoka juu ya gunia kwa ukosi wa shati. "Ule mstari wa mwisho ulikuwa wa kazi gani?"

"Bila huo, shairi halifungi," nilisema. Hata angeniua, halifungi.

Hapo ndipo Mama Roda aliponikabidhi jogoo wake. Akakaza kitenge, akateremka ule mteremko taratibu kama bibi harusi, akafika chini, akalala chali katikati ya shimo, mikono kifuani.

"We Mnyamwanga!" Mzee alifoka. "Toka huko!"

"Shimo gani hili, mtani?"

"Kaburi!"

"Na mtani akiingia kaburini, anatoka bure?"

Majirani wakaanza kucheka. Kila mtu alijua: mtani akijilaza kaburini, maziko yanasimama mpaka apewe anachotaka, na akishapewa hakidaiwi tena.

"Mpeni kuku," alisema Mzee.

"Kuku ninaye. Kuku ni wa kaburi la mtu. Hili ni kaburi la lori, nataka lori."

"Una wazimu!"

"Nilipomzika mume wangu, nani alijilaza kaburini akakataa kutoka? Na ile baiskeli unayokwenda nayo kanisani ni ya nani, ewe mla maharage?"

Mzee aliitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. Baiskeli nayo ikawa kama inamtazama.

"Nipe funguo nilipeleke Msangano," Mama Roda alisema kwa upole, macho kafumba. "Au tangaza kwamba hili si kaburi. Hapo nitatoka bure."

Lori la Mzee Anania, Msangano, linaendeshwa na Wanyamwanga! Mzee alitazama watu, akatazama shimo, akaukunja uso.

"Nani kasema kaburi? Hili ni shimo la choo."

"Choo chenye njia ya gari?" mtu alipaza sauti.

"Ndiyo! Choo cha mtu mwenye lori!"

Vibarua wenyewe waliangusha sururu kwa kicheko. Mama Roda akapanda, akajipangusa udongo, akanipokonya jogoo.

Mzee hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akaonekana mdogo ghafla ndani ya lile koti. "Basi nitafukiwa kama kiazi," alisema. "Nani atajua nilipita?"

Tabita akachuchumaa mbele yake. Mzee akatoa funguo mfukoni, akazishika kidogo, kisha akazibana katika kiganja cha binti yake.

"Baba," Tabita alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "siku ikifika, lori hili ndilo litakalokupeleka Iyula, na usukani nitashika mimi. Na kila nitakapopita kaburini kwako, na mzigo au bila mzigo, nitapiga honi."

"Ile ya upepo, mama. Si hii ndogo."

"Ya upepo, Baba. Mpaka kahawa idondoke mitini."