Asiyeitika Kwenye Ukungu

Ukungu ulipanda kilimani bila hata kubisha hodi, ukameza bembea, mkahawa na ile darubini ya kutumbukiza sarafu ambayo wageni huigombania. Mtembeza wageni alishika uzio, akageuka kumtazama baba yake. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Baba alichunga mbuzi hapa kabla mtu yeyote hajafikiria kuuza tiketi ya kutazama mabonde, lakini siku hizi kumbukumbu zake zilikuja na kuondoka zitakavyo. Na upande wa mashariki uzio ulikuwa umeng'olewa ukatengenezwe. Chini yake kulikuwa na genge refu la mwamba ambalo hata mbuzi waliliheshimu.

"Baba! Uko wapi, baba?"

Meneja wake naye akadakia, "Mzee! Itika, mzee!" Mpishi wa mkahawa akaja na sauti yake nene. Waliita mpaka makoo yakakauka, na kilima kizima kikawa kama mnada. Hakuna aliyeitika.

"Nilikwambia mzee abaki nyumbani," meneja alisema.

"Bosi, niache kwanza."

Mara akatokea mgeni mmoja, mama mtu mzima, kashika mkoba kifuani. Alisema mumewe na wenzake walikwenda kupiga picha upande ule ule wa mashariki, nao hawaitiki. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini mwanangu, si asubuhi ulituambia wachungaji wa hapa walikuwa hawaitani kwenye ukungu?"

Mtembeza wageni alimkodolea macho. Kila siku aliisimulia habari hiyo, mpaka ilikuwa inamtoka mdomoni yenyewe kama tangazo la redio. Ukimwita aliyepotea, atainuka afuate sauti, na hatua zake zitaishia gengeni. Kwa hiyo aliyepotea hukaa chini, akafunga mdomo hata akiitwa na mama yake mzazi. Akisikia kengele ya mbuzi, ndipo hupiga mluzi, huku amekaa, afuatwe alipo. Yeye, binti wa mchungaji, mwenye sare na kitambulisho, alikuwa amepiga kelele kuliko wote.

Alikimbilia zizi la zamani, ambalo sasa ni makumbusho, akaing'oa kengele ukutani chini ya kibao cha "Usiguse". Meneja akampisha njia.

Aligonga. Akasogea akipapasa njia kwa mguu, akagonga tena.

Mluzi ukajibu, mwembamba, kutoka mashariki.

Aliwakuta kwenye majani yaliyolowa. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, kashika mkanda wa suruali wa bwana mmoja mnene, na wageni wengine wamekaa kumzunguka, midomo imefungwa kama wanafunzi waliochapwa.

"Tulitaka kuitika," yule bwana alinong'ona. "Katukataza. Mimi nilipoinuka, akanipiga ngwala kwa fimbo yake." Akaonyesha kidole nyuma yake. Hatua chache tu, ardhi ilikuwa imekwisha.

Mtembeza wageni akakaa hapo hapo. Alicheka, akalia, akacheka tena, wala hakujali nani anamwona. Baba yake alikuwa hai.

"Makelele yote yale ya nini?" mzee alifoka. "Mnataka kuniulia watu?"

"Tulichanganyikiwa, baba. Nisamehe."

"Haya, hesabu. Hatuondoki bila kuhesabu."

Mtembeza wageni akainuka, akawagusa mabega mmoja mmoja, na wa mwisho akamgusa mzee mwenyewe.

"Wametimia, baba."

"Bado mmoja."

Furaha ikamkauka. Akaanza kugeuza macho kwenye ukungu upande wa genge, akitafuta nani aliyesahauliwa, na hapo akahisi kiganja kizito, chenye baridi, kimetulia utosini pake.

"Huyu hapa," baba alisema, akamwita kwa jina lake la utotoni. "Sasa wametimia. Twende."