Mafuta ya Kondoo Ndani ya Maabara

Mwalimu Cheruiyot alilipakata lile boksi kutoka Lodwar mpaka Kakuma, safari nzima ya basi, hakumwachia mtu. Lilikuwa boksi la mbao. Ndani mlikuwa na vioo vinene kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na prizimu moja ya pembe tatu. Vyote vya kuazima. Vya shule yetu vilikuwa vimevunjika, na mtihani wa vitendo wa fizikia ulikuwa umekaribia.

"Mama Akeno," aliniambia akinipa ufunguo wa kabati, "hivi nimeviazima kwa jina langu. Visipasuke."

Mimi ndiye ninayesafisha maabara. Nilifika darasa la saba tu, lakini nikiambiwa neno nalishika. Tangu Bwana alipomchukua mume wangu Adome, binti yangu nimemlea kwa kazi hii, na najua aliyekuwa hapa kabla yangu aliondolewa kwa sababu ya mizani moja iliyoanguka.

Sasa, upepo wa Kakuma ule wa mwezi wa kumi unapasua kila kitu. Kigoda unapasua, kibuyu cha maziwa unapasua, hata visigino vya watu. Mama yangu kule Lopur alinifundisha dawa yake: unayeyusha mafuta ya kondoo, unachovya kitambaa, unapaka na kusugua mpaka kitu kinywe. Basi Jumamosi mbili nilifungua kabati nikapaka boksi, kisha nikapaka vioo, kimoja kimoja, huku naimba polepole wimbo wa kanisani. Vikang'aa. Nikamshukuru Mungu.

Ijumaa, siku tatu kabla ya mtihani, wasichana wa kidato cha nne walifanya jaribio la mwisho. Adhar, msichana mrefu wa Sudan Kusini anayekaa kambini, ndiye kiongozi wa maabara. Yeye ndiye aliyevitoa vioo akavipanga mezani. Mimi nilikuwa barazani nafagia.

Jaribio lenyewe nimelitazama dirishani mara nyingi. Unalaza kioo juu ya karatasi, unachomeka pini mbili upande mmoja. Halafu unachungulia kutoka upande wa pili kupitia kioo, unachomeka pini mbili nyingine, mpaka zote nne zionekane zimejipanga mstari mmoja. Ukiondoa kioo unakuta mstari haukuwa mmoja. Mwanga ulipinda ulipoingia kwenye kioo, ukapinda tena ulipotoka. Adhar aliwahi kuniambia ni kwa sababu hiyo maji ya visima tunavyochimba mtoni yanaonekana kidogo, ukitia mguu unazama mpaka goti.

Siku hiyo pini hazikuonekana.

"Mwalimu, pini zangu zimeingia ukungu," alisema Nasike, binti wa hapa mjini asiyejua kunyamaza.

"Zangu ziko sita, na nimechomeka mbili tu!" mwingine akasema.

"Penseli inateleza. Karatasi yangu imeloa, naona meza!"

Mwalimu akainua kioo kimoja, akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. Kisha akazitazama nywele za Adhar. Zilikuwa zimesukwa jana yake, zinang'aa.

"Adhar. Mafuta ya nywele?"

"Si mimi, mwalimu. Nilinawa mikono."

"Ni nani mwingine amevitoa kabatini leo?"

"Hakuna, mwalimu. Ni mimi peke yangu."

"Vitu vya watu hivi! Toka nje. Hutaingia maabara hii mpaka mzazi wako afike."

"Mwalimu, mama yuko Juba. Hawezi kufika kabla ya mtihani wa Jumatatu."

"Basi Jumatatu utakaa nje."

Alitoka akasimama karibu nami. Hakulia. Alinusa viganja vyake, kwanza kimoja, halafu kingine, kama anayetafuta kosa lake lilipo. Hapo ndipo harufu ilinifikia kutoka dirishani, vioo vikiwa vimeshapata jua. Haikuwa ya nywele. Ilikuwa harufu ya kwetu.

Nikaenda mpaka kwenye tangi la maji, nikainamisha kichwa. Bwana, nifanye nini? Lakini la kufanya nilikuwa nalijua kabla sijamaliza kuuliza. Nilichokuwa naomba hasa ni njia nyingine, na njia nyingine haikuja. Nikarudi. Nikaingia maabara na ufagio wangu mkononi.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Hayo mafuta. Ni ya kondoo."

"Ya kondoo?"

"Ulisema visipasuke. Nimevipaka Jumamosi mbili. Huyu mtoto hana kosa. Kama ni mtu kutoka, nitoke mimi." Nikaweka ufunguo wa kabati mezani.

"Eh!" Nasike akasema. "Fizikia imekuwa supu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Cheruiyot hakucheka. Alivuta kiti akaketi, akakileta kile kidole puani, akanusa muda mrefu.

"Kumbe," akasema, "ndiyo maana tangu asubuhi nasikia njaa."

Sasa nilicheka hata mimi. Yeye akasimama, akaenda mpaka mlangoni.

"Adhar, rudi ndani. Nimekuonea."

Nikakimbia kuleta jivu, maana kwetu jivu ndilo linalong'oa mafuta. Adhar akanishika mkono. "La, mama! Jivu litakwaruza. Kioo kikikwaruzwa, mwanga hautapita sawa." Basi ikawa sabuni, maji vuguvugu na leso yangu ya pamba. Tukakaa barazani, mimi naosha, yeye anasuuza, wenzake wanakausha.

Prizimu ilikuwa ya mwisho. Adhar aliigeuza juani, na rangi zikaanguka juu ya aproni yangu, kutoka nyekundu mpaka zambarau. Akaushika mkono wangu, akauweka kando kidogo ya ile nyekundu, pasipo na rangi.

"Unaona nini hapo, mama?"

"Sioni kitu."

"Kuna mwanga hapo. Macho ndiyo hayauoni. Ni wa aina ile inayotoka kwenye mafiga, moto ukishazimika. Unaujua kwa ngozi."

"Huo naujua tangu utoto," nikamwambia. "Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mwanga."

Jumatatu nilifagia baraza ile mara tatu bila haja. Adhar alipotoka, kabla ya kunisalimu aliinua vidole vinne, vimesimama pamoja, akafumba jicho moja. Pini nne, mstari mmoja.

Jumanne mwalimu alikuja na lile boksi, tayari kulirudisha Lodwar. Ufunguo wa kabati ulikuwa mkononi mwake. Akageuza boksi, akanionyesha pembeni.

"Nilipolichukua, hapa palikuwa na ufa. Kidole kilikuwa kinaingia. Sasa hata ukucha hauingii."

"Nililipaka pia, mwalimu."

Akanirudishia ufunguo. Vioo na prizimu akavitoa, akavifunga kwenye koti lake, akavikumbatia. Boksi tupu akaliweka miguuni pangu.

"Lipake tena kabla basi halijaja. Mbao tu, mama."

"Mbao tu," nikasema, nikaenda kuyeyusha mafuta.